Chakula cha Langoni

Mama yangu hakuwahi kusoma Morogoro. Nalisema hili mapema, kabla sijapata nafasi ya kulipamba, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yangu nimesema kinyume chake, tena kwa ufasaha. Shuleni nilisema mama yuko Morogoro masomoni. Chuo kikuu niliongeza kwamba alisomea ushonaji. Nilipoolewa, ushonaji ule ukapata cheti, na cheti kikapata mkuu wa chuo aliyekitia saini, mwanamume mfupi mwenye kipara ambaye hajawahi kuzaliwa. Binti yangu alikua akijua kwamba bibi yake alisoma Morogoro kama anavyojua kwamba ziwa lina maji.

Ukweli ni kwamba mama alikuwa gerezani, hapa hapa Mwanza, kwa kosa la kupika gongo, ile pombe iliyopigwa marufuku. Si gereza kubwa lile ambalo kila mtu analijua. Hili lilikuwa dogo, limejibanza kati ya mawe makubwa juu ya ziwa, na baadaye lilifungwa, majengo yakabomolewa karibu yote, pakaoteshwa nyasi, pakawekwa mabenchi na bembea. Leo ni bustani ya jiji. Watu huenda pale kupiga picha za harusi.

Mimi ni mwandishi wa makala. Kazi yangu, kwa ufupi, ni kuwahimiza watu wengine wakabiliane na yaliyopita. Bustani ilipofunguliwa niliandika makala ndefu kuihusu, na ndani yake nilisema kwamba jiji lisilotaka kukumbuka haliwezi kujijua. Wasomaji walinipongeza. Mmoja aliniuliza kama niliwahi kuliona gereza lenyewe. Nilimjibu kwamba nililipita tu, mara chache, kwa mbali.

Kisha binti yangu akapata mchumba, kijana mpole wa upande wa Musoma, na familia ikaunda kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao. Mwenyekiti ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke ambaye angepewa bandari angeiendesha. Kamati ilikaa siku ambayo nilikuwa kitandani na mafua, na nilipofungua grupu la simu nikakuta jambo limekwisha: sendofu itafanyika bustanini, kando ya mawe, ziwa likiwa nyuma ya meza kuu. Chini ya ujumbe kulikuwa na picha ya lango la zamani, limepakwa rangi ya machungwa. Wajumbe walikuwa wameweka mioyo na makofi. Mimi niliweka kidole gumba.

Tatizo lilikuwa blanketi. Wakwe walikuwa wametimiza kila kitu cha mahari isipokuwa blanketi la bibi, na hilo kwetu haliletwi kama mzigo wa sokoni. Bibi mzaa mama husimama mbele ya watu, wakwe wakalikunjua, wakamfunika mabegani, akina mama wakapiga vigelegele, na hapo ndipo mjukuu anahesabika kuwa ametolewa kwa moyo mweupe. Bibi asipofunikwa, wazee wa pande zote mbili watasema binti ameondoka nusu. Wifi yangu alitaka lifanyike bustanini, jua likizama, mbele ya kamera.

Nilimpigia mama, ambaye siku hizi anaishi Sengerema, analima mihogo, anashona sare za kwaya na kuwagombeza wanaochelewa mazoezini.

"Mama, sendofu itakuwa kwenye ile bustani ya kule kwenye mawe."

Upande wa pili nilisikia kuku. Kisha nikasikia kuku tena.

"Mawe yapi?"

"Yale."

"Aha," alisema. "Huku mvua imegoma kabisa. Mihogo inakauka."

"Blanketi utapewa hapo, mama."

"Nimesikia."

"Utakuja?"

"Tutaona."

Mama yangu si mtu wa tutaona. Ukimwomba chumvi anakupa au anakunyima. Neno hilo nilitembea nalo kama kokoto kwenye kiatu. Asipokuja, ningelazimika kumweleza wifi sababu, na wakwe, na zaidi ya wote binti yangu. Akija, ningekuwa nimemsimamisha mama yangu, mwanamke mzee, afunikwe blanketi mahali ambapo aliwahi kugawiwa jingine na askari. Kwa kuwa nimeanza kwa kusema kweli, niendelee: lililoninyima usingizi zaidi lilikuwa lile la kwanza.

Jumamosi wifi alituita mimi na binti yangu bustanini. Tulitakiwa kuangalia mahali pa meza kuu, kuonja chakula cha mgahawa wa pale, na kuthibitisha. "Mchana kadi zinakwenda kuchapwa," alisema hata kabla ya kuitikia shikamoo ya binti yangu. "Mwenye la kusema aseme leo. Kesho sitaki kusikia mtu ana mawazo."

Tulipita chini ya lango. Wamelihifadhi vizuri, lazima nikiri. Hata bawaba za chuma zipo, zimepakwa rangi ile ile ya machungwa. Mtoto mmoja alikuwa ananing'inia kwenye mojawapo. Ndani kuna njia ya kokoto, maua yanayomwagiliwa kwa mpira, na watu waliokaa kwenye nyasi wakila karanga. Nilitembea nyuma ya wenzangu nikitazama chini. Nilikuwa sijawahi kupita lango lile. Makala yangu niliiandika nikiwa nimesimama ng'ambo ya barabara.

Nilipokuwa mtoto tuliishia langoni. Mama alipokuwa mahabusu, kabla kesi yake haijaamuliwa, chakula chake kilitoka nyumbani, na bibi yangu, mama wa mama, ndiye aliyekipika na kukibeba kichwani, mimi nyuma yake nikishika chupa ya chai. Kando ya lango kulikuwa na meza ya mbao. Askari alifungua bakuli, akakoroga ugali kwa kijiti kutafuta asichokijua mwenyewe, kisha akamwambia bibi: "Onja."

Huo ndio uliokuwa utaratibu. Mleta chakula anakionja kwanza, mbele ya macho yao, ili mtu asije akapelekewa sumu. Bibi yangu alikuwa na meno machache na kiburi cha kutosha watu wengi. Kwao mtu aonjeshwaye chakula chake kwa amri ni yule anayeshukiwa uchawi. Alijitanda kanga, akasema: "Mimi nimempikia mwanangu. Sionji. Siku nikitaka kumuua nitamuulia nyumbani."

"Basi hakiendi."

Walitazamana. Foleni nyuma yetu ilianza kunung'unika. Mwishowe bibi alinisukuma mbele kwa goti. "Huyu ataonja. Huyu hana kiburi bado."

Tangu siku hiyo nikawa mwonjaji. Nilikuwa na njaa ya watoto wa wakati ule, na kipande cha sato, samaki wa ziwani, kilikuwa kwa wagonjwa na mahabusu tu, kwa hiyo nilionja kwa bidii. Askari mmoja alikuwa akinicheka: "We mtoto, umeonja au umekula?" Nikishameza walisubiri kidogo, wakinitazama kama nitaanguka. Nami nilisubiri pamoja nao, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba chakula cha bibi hakina kitu. Mtoto huamini anachokiona watu wazima wakikiogopa. Kila mara nilihesabu nimepona. Ndipo bakuli lilipoingia ndani, na nyuma ya waya, mbali, juu ya jiwe walikoanika nguo, mama alisimama na gauni lao la gereza. Hatukuruhusiwa kuongea marefu. Alipaza sauti swali moja tu.

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea!"

Ndiyo mazungumzo yote niliyokuwa nayo na mama yangu mpaka hukumu ilipotoka. Baada ya hapo chakula cha nyumbani kikakatazwa, na mimi nikaanza kuwaambia wenzangu habari za Morogoro.

Sasa meza ya mgahawa iko kivulini mwa lile jiwe la nguo. Mpishi, mama mmoja mchangamfu mwenye kofia nyeupe, alituletea sahani tatu: sambusa, pilau, na vipande vya sato wa kukaanga. Alizipanga mbele yetu, akarudi nyuma hatua moja, akafunga mikono tumboni.

"Haya, onjeni," alisema. "Msiogope."

"Mama aanze," binti yangu alisema. "Nyumbani hatuli mpaka yeye aonje. Tukienda msibani anaonja. Tukienda harusini anaonja. Baba alikuwa anamwita mkemia."

Wote walicheka. Nilichukua kipande cha sato. Mpishi alikuwa ananitazama, kama wapishi wote wanavyotazama, na binti yangu ananitazama, na wifi, huku kalamu iko tayari mkononi mwake. Kiliingia mdomoni, hakikushuka. Nilikitafuna mpaka kikawa kama pamba.

"Kuna nini?" mpishi aliuliza, uso umembadilika. "Kimeungua?"

"Hapana, kizuri."

"Angalieni msomi wetu," wifi alisema akiokota sambusa. "Vitabu vyote vile kavimeza, samaki wa Mwanza kamkwama. Wifi, meza bwana, tuna kazi. Bibi mtamweka wapi kwenye blanketi? Mimi nasema pale juu ya jiwe, apande tumuone wote."

Nilitema kwenye kitambaa cha karatasi nikisingizia mwiba. Binti yangu alikuwa ameshanyanyuka. Alikuwa ameona kitu kingine. Nyuma ya jiwe wameacha chumba kimoja cha zamani, paa la bati, mlango wa nondo, ukutani pamechorwa moyo mwekundu na maneno "Naipenda Mwanza". Vijana walikuwa wamepanga foleni kupiga picha humo. Wengine walishika nondo na kununa, wengine walitoa ulimi.

"Mama, njoo unipige!"

Nilimfuata. Alinipa simu yake, akaingia, akauvuta mlango, akapitisha mikono kati ya nondo na kukunja uso wa huzuni, ile huzuni ya mtu ambaye hajawahi kunyimwa kutoka mahali popote. Alipendeza. Nilimwona kwenye kioo cha simu, mdogo, ndani ya nondo, na ana paji la uso la mama yangu. Kidole changu hakikubonyeza.

"Piga basi, watu wanasubiri."

"Toka humo."

"Eh?"

"Nimesema toka humo. Bibi yako alilala humo."

Sikulipanga neno hilo. Kwa miaka yote nilikuwa nimejiandalia namna nyingi za kulisema, nyingine zikiwa na utangulizi na hitimisho. Binti yangu alitabasamu kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akanitazama vizuri, akausukuma mlango, akatoka. Msichana aliyekuwa nyuma yake aliingia haraka kabla zamu haijapotea.

"Bibi yupi?"

"Wa Sengerema."

"Bibi alikuwa Morogoro."

"Morogoro hata mimi sijafika, mwanangu, achilia mbali yeye."

Nilimweleza tukiwa tumesimama pembeni, karibu na pipa la taka. Gongo, kesi, meza ya mbao, kuonja. Haikuchukua muda; ajabu ni jinsi kitu nilichokibeba miaka yote hiyo kilivyokuwa kifupi. Sikumwambia kama ni chumba hicho hicho au kingine kilichobomolewa, kwa sababu sijui. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo umekaa kwenye grupu mwezi mzima, watu wanapanga kumfunika bibi blanketi hapa, na wewe unaweka kidole gumba."

"Nilikuwa natafuta wakati."

"Uliandika makala, mama. Kuhusu hapa hapa. Nilisoma darasani. Nilisoma kwa sauti!"

Nilitazama viatu vyangu, ambavyo ni vizuri.

"Bibi anajua kwamba mimi sijui?"

"Hatujawahi kuulizana."

"Na kuja, atakuja?"

"Alisema tutaona."

Wifi alitokea upande wa jiwe akiwa na sambusa ya pili. "Jamani, mpiga chapa ananipigia. Ni hapa au si hapa? Mkiniambia si hapa mniambie na sababu, maana kamati nzima imekubali, na wakwe wameshasifu picha."

Binti yangu alinitazama. Nilijua ananipa nafasi. Ningeweza kusema pale pale, watu wawili tu, hewa nzuri ya ziwa. Nilifungua mdomo, na nilichokisikia kikitoka ni kwamba labda upepo wa jioni hautawafaa wazee.

"Upepo!" wifi alisema. "Mama yako ambaye alikuwa anavuka na kivuko masika?"

Binti yangu alichukua simu yake mkononi mwangu, bila kunipokonya, akatafuta jina, akapiga. Nilimshika mkono. Akautoa taratibu. Aliweka sauti ya nje, akaiinua katikati yetu watatu, na mimi nikabaki nimesimama kama siku zile, nimekwisha kumeza, nikisubiri kuona kama nitaanguka.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu. Sauti ya nje hiyo? Nani ananisikiliza?"

"Mama, na shangazi."

"Shangazi hajambo? Mwambie aache kunenepa kabla ya sherehe, magauni nimeshashona."

Wifi alicheka huku mdomo umejaa. Binti yangu hakucheka.

"Bibi, tuko bustanini. Kwenye mawe. Mama ameniambia."

Kuku walisikika. Nilifumba macho.

"Amekwambia nini? Kwamba nilisoma Morogoro?"

"Hapana. Yale mengine."

"Ahaa." Alivuta pumzi ndefu, ile ya mtu anayekaa chini. "Haya, Mungu mkubwa. Mimi nilirudi nyumbani nikakuta nimeshahitimu. Majirani wananipa hongera. Nikaona mtoto kahangaika mpaka kunitafutia masomo, nitamwaibishaje? Nikanyamaza. Na kushona nilikuwa najua kweli, humo ndani tulishona sana. Nikasema siku akikua ataacha. Kumbe akasoma mpaka chuo kikuu, ndiyo kwanza akaongeza cheti na mkuu wa chuo."

Wifi alikuwa ameacha kutafuna. Sambusa ilikuwa mkononi, nusu.

"Bibi," binti yangu alisema, na sasa alikuwa analia kidogo, "tunahamisha. Tutatafuta ukumbi mwingine."

"Nani kakwambia uhamishe? Hapo pana hewa nzuri. Tulikuwa tunasema wenyewe, wakitutoa jioni kuanua nguo, kwamba hapa wangeweka viti watu wakanywa soda. Fanyeni sherehe yenu. Kuja nitakuja. Kucheza nitacheza. Ila blanketi, hapo silipokei."

"Ndiyo, bibi."

"Nisikilize vizuri, na huyo shangazi asikie. Hapo nilipewa blanketi, likawa langu mpaka siku ya kutoka. Siku hiyo nililikung'uta, nikalikunja, nikamkabidhi askari mkononi, akaniambia nenda. Mimi na mahali hapo tulimalizana. Sitasimama hapo hapo mtu anifunike jingine, hata liwe la hariri. Waambie wakwe walilete huku kwangu, siku moja kabla. Daraja la Busisi limejengwa la nini? Wapite. Wanikute uani kwangu, nimekaa kwenye kiti changu, wanifunike. Picha mtapiga na mihogo."

Wifi aliisogelea simu. "Mama, tutakuja. Nitawaleta mwenyewe."

"Na njooni na vigelegele, msije kama mmekuja kuhani. Sasa huyo mama yako mpe simu. Toa hiyo sauti ya nje."

Niliipokea simu. Nilitembea hatua chache, mpaka kwenye jiwe, nikaweka kiganja juu yake. Lilikuwa na joto la jua.

"Mama," nilisema. Nilitaka kuendelea na maneno yale niliyoyaandaa, yale yenye utangulizi.

"Wamesema mmekwenda kuonja chakula."

"Ndiyo."

"Umeonja?"

"Sijaweza kumeza."

"Hapo ulikuwa unakula mpaka askari anakucheka, leo unashindwa? Rudi mezani. Nitasubiri."

Nilirudi. Mpishi alikuwa bado amesimama na mikono tumboni, masikini, akidhani kesi yote ni ya samaki wake. Nilichukua kipande, nikakitia mdomoni mbele ya wote, simu sikioni, nikatafuna. Kilishuka.

"Haya niambie," mama alisema. "Chumvi imekolea?"